Indiamu Haitoki, Antimoni Haionekani: Tafuta Kosa Hapa

Wiki haipiti bila mtu kuniwekea kiroba mezani. Wengine hutoka hapa hapa Mombasa, Changamwe, Jomvu au Miritini, na wengine wana mzigo wa lori kutoka bara, wanataka kujua wamebeba nini kabla haujafika bandarini. Ndani ya kiroba mna vumbi la kijivu lililokung'utwa kwenye mifuko ya kuchujia moshi, au slagi nyeusi inayong'aa kama chupa iliyovunjika, ile ambayo wahunzi wa zamani waliiita mavi ya chuma. Swali huwa lile lile, na huhusu metali adimu na laini iitwayo indiamu: "Nimesikia humu mna indiamu. Mbona siipati?"

Swali hili limeongezeka tangu Agosti 2023, Uchina ilipoanza kudai leseni kwa kila shehena ya galiamu na jerimaniamu inayotoka nchini mwake. Septemba 2024 ikaongeza antimoni, na Februari 2025 ikafuatisha indiamu, teluriamu, bismuthi, tangsteni na molibdenamu. Bei zikapanda, na kila mwenye rundo nyuma ya kiwanda akalitazama kwa jicho jipya. Si wazo baya, kwa sababu nyingi ya metali hizi hazina migodi yake. Huja zimeshika shuka la nyingine: indiamu na jerimaniamu hufuata zinki, bismuthi na sehemu ya antimoni hufuata risasi, seleniamu na teluriamu hufuata shaba. Hata indiamu yenyewe iligunduliwa hivyo hivyo, Freiberg, Ujerumani, mwaka 1863. Wanakemia Reich na Richter walikuwa wakichunguza mawe ya zinki wakitafuta thaliamu, wakaona mstari wa rangi ya nili ambao haukuwa wa kitu chochote kinachojulikana, ndipo indiamu ikapata jina. Kwa hakika aliyeuona ni Richter, maana macho ya Reich hayakuwa yakitofautisha rangi.

Nimezipanga dalili kwa mfuatano wa jinsi zinavyonijia. Wengi hawavuki mbili za kwanza.

Majibu ya maabara mbili hayafanani

Usianze kuilaumu mashine. Uliza sampuli ilichukuliwaje. Mara nyingi utaambiwa kijana alifungua kiroba cha juu, akachota kwa mkono, akajaza mfuko wa sukari, basi. Vumbi lile haliwakilishi rundo. Lori limetikisika njia nzima, chembe nzito zimezama, laini zimebaki juu, na metali unayoitafuta haikujigawa sawa baina ya hizo mbili. Slagi ina hila zaidi, kwani ndani yake mna vishanga vya metali vidogo kama punje za mtama. Ukiokota jiwe lenye vishanga vitatu, karatasi itakuonyesha utajiri usiokuwepo. Ukiokota lisilo na kitu, utatupa mali.

Dawa yake ni ya kizamani na inachosha mgongo. Choma kila kiroba kwa bomba la kuchotea hadi kitako. Viroba vikiwa mamia, chukua kila cha tano bila kuchagua. Mwaga vyote juu ya turubai safi, rundika kwa beleshi, sambaza, rundika tena, mara tatu. Kisha tandaza duara, likate robo nne kama chapati, ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kilo moja au mbili. Slagi isagwe kwanza, halafu ipepetwe. Vishanga vinavyogoma kusagika viweke kando, vipime peke yake, kisha virudishe kwenye hesabu kwa uzito wake.

Halafu kuna maji. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vumbi lenye kloridi hunywa unyevu kama kitambaa. Juzi nilipima gramu 500 za vumbi lililokaa ghalani msimu wa masika. Baada ya kulikausha kwa nyuzi 105 hadi uzito ukaacha kushuka, zilibaki gramu 455. Hiyo ni asilimia 9 ya maji. Maabara inayosoma gramu 300 za indiamu kwa tani kavu, na inayosoma 273 kwa tani mbichi, zote mbili ni za kweli, wala hakuna mwizi. Andika neno "kavu" au "mbichi" kwenye kila karatasi, ugomvi mwingi na wanunuzi utaisha hapo.

Mashine ninaibakiza mwisho, lakini ina lake. Ile bunduki ya eksirei ya mkononi wanayotembea nayo madalali inasoma miale ya kila elementi, na baadhi ya miale hiyo inakaribiana mno. Mwale mkuu wa arseniki uko kwenye 10.54 keV (kipimo cha nishati ya miale) na wa risasi kwenye 10.55. Penye risasi nyingi bunduki haiwezi kukuambia arseniki ni kiasi gani, inakisia tu. Hilo si jambo la bei peke yake, kwa sababu arseniki ndiyo itakayoua mtu, kama utakavyoona mbele. Kwa arseniki, jerimaniamu na indiamu ya gramu kwa tani, yeyusha sampuli na upeleke kwenye maabara yenye vifaa vya kupima mmumunyo.

Kipimo kimetoka sifuri

Ikiwa sampuli ilichukuliwa sawasawa na bado hakuna kitu, huenda kweli hakuna kitu. Hapa ndipo ninapowavunja watu moyo.

Mfano wa kwanza ni ganda na majivu yanayokusanywa juu ya zinki kwenye madishi ya kuchovyea mabati. Ukanda wetu, kuanzia mjini hadi Mariakani, una viwanda vya mabati na vyuma, na majivu hayo yanapatikana. Yana zinki nyingi na kloridi. Indiamu hayana, kwa sababu moja rahisi: zinki iliyoingia dishini ilikuwa imeshasafishwa. Zinki ya daraja la juu huuzwa ikiwa na usafi wa asilimia 99.995. Aliyeisafisha, ng'ambo, ndiye aliyebaki na indiamu na jerimaniamu. Unatafuta mafuta kwenye maziwa yaliyokwisha kuenguliwa. Uza majivu hayo kama zinki, upumzike.

Mfano wa pili ni takataka za alumini na ndoto za galiamu. Galiamu hutolewa kwenye maji ya magadi ya kiwanda kinachogeuza boksiti kuwa alumina, mapema kabisa, kabla alumini yenyewe haijazaliwa. Ganda la sufuria zilizoyeyushwa Jua Kali halina. Kinachotoka humo likinyeshewa ni harufu ya amonia inayochoma pua. Na kwa taarifa tu, galiamu huyeyuka kwa nyuzi 29.76, kwa hiyo Februari mjini Mombasa ingekaa mezani pako kama zebaki.

Penye matumaini ni hapa: vumbi la bomba kutoka tanuri za zinki, risasi au shaba zilizopokea mawe ghafi, slagi ya bati la Maziwa Makuu, ambayo hubeba tantalamu na niobiamu, slagi ya shaba na kobalti ya Kongo, na risasi ya betri kuukuu. Afrika Mashariki ina mfano wake mzuri wa kurudia mabaki. Shaba ya Kilembe, Uganda, ilikuwa ikiyeyushwa Jinja na kupita Mombasa kwenda nje, huku mabaki ya pairiti (jiwe la chuma na salfa) yenye kobalti yakirundikwa Kasese. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kuyatoa kobalti kwa kutumia bakteria wanaokula pairiti. Kule Lubumbashi, Kongo, mlima mzima wa slagi umekuwa ukitoa kobalti, na mwaka 2024 jerimaniamu yake ya kwanza ilipelekwa Ubelgiji.

Asidi imekula zinki, indiamu imebaki

Hii ndiyo dalili tamu kwa fundi, maana metali ipo, inajificha tu.

Umetia vumbi kwenye asidi ya salfuriki hafifu, pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka ukali hupanda) ikatulia karibu na 5, zinki ikayeyuka vizuri, ukachuja. Unapima maji: indiamu hakuna hata ya dawa. Iko wapi? Iko kwenye lile tope jekundu ulilobakiza kitambaani. Kwenye joto la tanuri, sehemu ya zinki hushikana na chuma ikawa kitu kimoja kigumu, zinki feraiti, na indiamu hujipenyeza humo ikakaa kwenye viti vya chuma. Asidi hafifu haiigusi feraiti. Na hata kama indiamu kidogo iliyeyuka mwanzoni, pH ilipofika 4 na kupita ilirudi chini pamoja na chuma.

Nilimkuta bwana mmoja aliyekuwa akilimwaga tope hilo nyuma ya ukuta kwa miezi, na juu yake mkewe amepanda mchicha. Nilimwambia ang'oe mchicha kwanza, habari ya indiamu baadaye. Mchicha unavuta kadmiamu kutoka ardhini kwa bidii kuliko unavyodhani.

Tope lioshwe kwa maji, kisha lirudishwe kwenye asidi kali: gramu 150 hadi 200 kwa lita, nyuzi 90 hadi 95, saa kadhaa, likikorogwa muda wote. Asidi hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Feraiti itavunjika, rangi ya maji itakuwa ya kahawia inayoelekea njano, na sasa indiamu imo ndani pamoja na chuma kingi. Usikimbilie kupandisha pH. Chuma hicho ni cha aina ya tatu, na kikishuka kitashuka na indiamu yako yote, ukarudi ulikotoka. Kwanza kigeuze kuwa cha aina ya pili, ambacho huvumilia pH ya juu zaidi. Kwa kazi ndogo, sodiamu metabisalfaiti, ile ile ya kuhifadhi juisi, inatosha. Itatoa gesi inayonuka kama kiberiti kilichowashwa, kwa hiyo fanyia penye upepo. Utajuaje imemaliza? Chukua tone, litie kwenye potasiamu thayosayanati. Likiwa jekundu kama damu, bado. Likibaki karibu maji matupu, tayari. Hapo ndipo upandishe pH polepole hadi 4 au 4.5. Tope jeupe-jeupe linaloshuka ndilo lenye indiamu, na ni dogo. Mtu akiniambia amepata ndoo nzima ya tope la kahawia, najua hakulisubiri tone.

Sasa toa kalamu. Tani 10 za vumbi lenye gramu 300 kwa tani zina kilo 3 za indiamu. Ukitoa asilimia 70, na hiyo ni kazi nzuri, unapata kilo 2.1. Vumbi hilo hilo likiwa na asilimia 40 ya zinki, lina tani 4 za zinki, na kila tani 4 za zinki hula tani 6 za asidi. Tani sita za asidi kwa kilo mbili za indiamu! Kwa hiyo hesabu haisimami kwa indiamu pekee hata siku moja. Zinki lazima nayo iuzwe, labda kama salfeti ya mbolea, na hiyo haiuziki mpaka kadmiamu na risasi zitoke. Kwa walio wengi wanaonijia, nafuu ni kukusanya vumbi, kulipima vizuri na kuliuza kwa msafishaji mkubwa anayelipia indiamu iliyomo. Najua hawapendi kusikia.

Chujio limeziba, maji yamegeuka uji

Umesaga slagi, umeitia kwenye asidi, na baada ya nusu saa mchanganyiko umekuwa kama uji wa muhogo. Kitambaa hakipitishi kitu. Hiyo ni silika. Slagi ni kioo, na asidi ikikivunja, silika huyeyuka kwanza, halafu hujisuka upya ikawa jeli inayoshika maji, metali na subira yako yote.

Kuongeza maji hakusaidii, na kuiacha ilale hadi asubuhi ndiyo kuigandisha kabisa. Kwa slagi, geuza mpango. Changanya unga mkavu na asidi nzito na maji machache tu, kiasi cha kulowesha. Itachemka yenyewe kwa joto lake na kukauka kuwa bonge. Silika ikishakauka namna hiyo haiwi jeli tena. Bonge livunje, lioshe kwa maji, litachujika. Vaa miwani na barakoa ya asidi, kwa maana dakika tano za kwanza hutoa moshi mkali.

Kama jeli ni ya kahawia, mkosaji ni chuma, wala si silika. Viwanda vikubwa hukishusha kama jarosaiti, punje zinazochujika kirahisi, kwa pH ya 1.5 na joto la nyuzi 95 penye sodiamu au amonia. Ni njia nzuri ila moja: jarosaiti nayo hubeba indiamu kwenda nayo. Toa indiamu kabla.

Saa nne asubuhi, harufu ya kitunguu saumu

Nisome polepole hapa.

Hatua inayopendwa na kila mtu ni ile ya kutia unga wa zinki au kipande cha alumini kwenye maji yaliyochujwa, indiamu ikajikusanya juu yake kama sifongo ya kijivu. Inafurahisha kutazama. Lakini kama maji yana arseniki, na vumbi la tanuri za risasi, zinki na shaba mara nyingi linayo, asidi pamoja na zinki hutengeneza arsini, gesi ya sumu kali inayonuka kitunguu saumu.

Nilikuwa nimeitwa kwenye karakana moja kuangalia pipa. Kijana wa zamu akanyanyua kichwa akauliza, "Ami, kuna mtu anapika biriani hapa?" Hakukuwa na jiko karibu. Nilimshika mkono, nikapiga kelele wote watoke, tukasimama upande unakotoka upepo. Kusi ilikuwa inavuma, tukakaa upande wa baharini. Yule aliyekuwa amechutama kukoroga pipa kabla sijafika alikuwa mzima, anacheka. Jioni mkojo wake ulikuwa na rangi ya juisi ya ukwaju.

Hiyo ndiyo tabia yake. Arsini inapasua chembe nyekundu za damu, na dalili hukawia saa mbili hadi siku nzima. Pua huanza kuipata karibu na sehemu 0.5 kwa milioni, ambayo ni mara kumi ya kiwango cha 0.05 kilichowekwa kuwa mwisho wa usalama kazini, kwa hiyo ukishainusa umechelewa. Ni nzito mara 2.7 kuliko hewa, inakaa chini, ndani ya pipa na kwenye shimo, pale hasa mtu anapoinama. Haina dawa ya kuizima mwilini. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile hata kama anajisikia vizuri, na daktari atajiwe neno arsini, kwa sababu damu kwenye mkojo peke yake inaweza kumpeleka kwenye malaria au figo.

Kwa hiyo: maji ambayo arseniki yake haijapimwa hayatiwi zinki, alumini wala chuma. Msumari uliodondoka pipani unatosha kuanza. Usitegemee ile bunduki ya eksirei, umeshaona kwa nini. Viwanda vyenye mtaji huvuta indiamu kwanza kwa kivutio kinachoitwa D2EHPA kilichochanganywa na mafuta ya taa. Indiamu hupanda kwenye mafuta, arseniki hubaki kwenye maji, na zinki hutumika baadaye kwenye kimiminika kisafi. Asiye na mtambo huo asimame kwenye lile tope jeupe na aliuze likiwa tope.

Jerimaniamu ilikuwepo jana

Uliyeyusha kwa asidi ya hidrokloriki na kuchemsha, sivyo? Imepaa. Kloridi ya jerimaniamu huchemka chini ya nyuzi 90, yaani chai yako inaizidi joto. Wasafishaji hutumia tabia hiyo hiyo kuitenga kwa kuikusanya mvuke. Wewe uliichemsha sufuria wazi. Tumia asidi ya salfuriki.

Kuishusha kutoka kwenye maji kunafanywa kwa tanini, na kila nikisema hivyo kuna mtu wa Lamu anayekumbuka magogo na magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kwa majahazi. Inayotumika viwandani ni asidi ya tanini iliyosafishwa. Mikoko tuiache isimame.

Slagi ya betri haina antimoni

Antimoni ni ndugu wa wanja. Katika Kiswahili tulikuwa tukiitambua machoni mwa bibi harusi kabla ya kuisikia kwenye redio. Kwenye betri kuukuu imo ndani ya zile nyavu za risasi, ikizitia ugumu. Mtu anayeyusha betri, anapima slagi, anakuta kidogo, anakata tamaa.

Hakuitafuta inapokaa. Kwenye tanuri lenye makaa, antimoni hurudi kuwa metali pamoja na risasi na kushuka nayo. Iko ndani ya risasi yenyewe. Ishara unayo mkononi: risasi safi unaikwaruza kwa kucha, yenye antimoni haikubali. Ili kuitoa, risasi iliyoyeyuka hupulizwa hewa, antimoni ikaungua kabla ya risasi na kuelea kama ganda linaloenguliwa. Ganda hilo ndilo mali. Sehemu nyingine hupaa kama moshi mweupe wa oksaidi, na kama huna mifuko ya kuchuja, imekwenda kwa majirani.

Hapa siandiki vipimo zaidi, kwa makusudi. Mombasa haihitaji kufundishwa na mtu wa mbali risasi hufanya nini. Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, upo humo humo mjini. Mwanaharakati Phyllis Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kusimama na wakazi wake, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi iliyoendelea baadaye hadi Mahakama ya Juu. Kazi ya betri ni ya kiwanda chenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya), mifuko ya moshi na vipimo vya damu vya wafanyakazi, si ya uwanja wa nyuma.

La kuongezea ni moja. Slagi iliyotengenezwa kwa magadi, ukiiacha nje usiku mmoja wa pwani, hunywa unyevu, huvimba, na asubuhi unaikuta imekuwa unga. Inanuka mayai viza. Usiitie asidi kabisa, maana harufu hiyo ikizidi huacha kunusika, na mtu huanguka. Iweke chini ya paa, juu ya sakafu ya zege, kabla ya masika.

Indiamu imetoka, mnunuzi ameikataa

Kwanza hakikisha ni indiamu. Ikunje karibu na sikio: inalia mlio mwembamba kama wa bati. Inachora karatasi kama penseli. Inayeyuka kwa nyuzi 156.6, hata kwenye kikaango. Sifongo ikandamizwe ikiwa bado mbichi, kisha iyeyushwe chini ya soda kali, bila hivyo itageuka oksaidi na utapoteza nusu ukiwa unaitazama.

Akikataa kwa sababu ya usafi, uliza cheti chake kinataja nini. Kwa kawaida ni kadmiamu na thaliamu, ambazo zina tabia za karibu na indiamu na hazikubali kuachwa nyuma. Zinatolewa kwa kuyeyusha tena: thaliamu chini ya kloridi za zinki na amonia, kadmiamu chini ya gliserini yenye iodaidi ya potasiamu. Thaliamu hupita kwenye ngozi, kwa hiyo glavu si mapambo.

Kontena limelia getini

Hii huwapata wenye slagi ya bati. Mzigo umeshuka kutoka bara, karatasi zimekamilika, na kipima mionzi kinalia. Dereva anadhani amesingiziwa.

Hajasingiziwa. Tantalamu na niobiamu hutembea na uraniamu na thoriamu tangu kwenye jiwe, na bati likishatolewa, vyote vinne hubaki vimejikusanya kwenye slagi. Vigae na kauri navyo huweza kuliza mashine, kwa hiyo mlio wenyewe si hukumu. Kinachohukumu ni kipimo: kwa mzigo wa asili wa aina hii, kanuni za usafirishaji huweka mpaka kwenye bekereli (kipimo cha mionzi) 10 kwa gramu. Chini ya hapo husafiri kama mzigo wa kawaida, juu ya hapo ni Daraja la 7, la mizigo ya mionzi, na meli nyingi hazitaki hata kusikia. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo ya kuendea, na kuiendea kabla, si kontena likiwa limeshasimamishwa na gharama za kila siku zinahesabu. Uliza pia NEMA kama mzigo wako unaangukia Mkataba wa Basel wa taka hatari, kwani slagi na vumbi vyenye risasi au arseniki havivuki mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea.

Usijaribu kutoa tantalamu mwenyewe. Inahitaji asidi ya hidrofloriki, inayopenya hadi mfupani. Hata hofu ya kiwanda chake tu ilitosha Phuket, Thailand, Juni 1986, umati ukachoma mtambo wa tantalamu kabla haujafunguliwa. Slagi hii huuzwa kwa asilimia ya oksaidi ya tantalamu iliyomo, kama ilivyo.

Pima mionzi kule kule bara inakotoka, kiroba kwa kiroba, vyenye mionzi mingi viwekwe kando visichanganywe na vingine ili kupunguza wastani. Mchezo huo unajulikana. Na nakala ya vipimo iwe mfukoni mwa dereva, si kwenye barua pepe ya ofisi. Saa tisa usiku getini hakuna anayefungua barua pepe.